Mtepe Haukushindwa na Bahari

Fundi springi wa Ipogolo hana haraka. Analala chali chini ya lori juu ya boksi lililokunjuliwa, anagonga, anasikiliza, anagonga tena, na wewe mwenye gari huna la kufanya ila kukaa kwenye benchi, kuagiza chai ya maziwa na kubishana na uliowakuta. Kwenye benchi hilo, asubuhi moja ya Julai yenye ile baridi ya Iringa ya kukufanya ufiche mikono kwapani, ndipo ulipozuka ubishi ninaoujibu hapa.

Dereva mmoja, mtu wa Tanga, alikuwa anapitisha simu yake mkono kwa mkono. Kwenye kioo palikuwa na picha aliyoipiga Unguja miaka ya nyuma, ndani ya Beit al-Ajaib, kabla sehemu ya jengo lile haijaporomoka Desemba 2020. Ilikuwa picha ya chombo kirefu cha mbao, omo yake imenyooshwa mbele kama shingo ya ngamia, na kila palipokutana ubao na ubao, mishono ya kamba imepangana kama ya mshona viatu. Mtepe. Simu ilipofika kwa tingo wa lori la mbao la Mafinga, alicheka hadi chai ikamwagikia magotini. "Meli imeshonwa kama gunia!" Mzee mmoja mwenye koti refu akamalizia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kushika chaki: "Ndiyo maana tukatawaliwa, vijana. Wenzetu walikuwa na misumari, sisi tulikuwa na kamba." Benchi zima likacheka, na mimi nikiwemo.

Nimeufikiria ubishi ule tangu siku hiyo, na naona tulicheka kabla ya kuuliza. Rai ya mzee haikuanzia Ipogolo. Utaisikia Dar es Salaam, utaisikia hata Unguja kwa watu ambao babu zao walikuwa mabaharia: mtepe ulikuwa chombo duni cha watu wasio na chuma, jahazi la misumari likaja, kilicho bora kikakiondoa kilicho duni. Hadithi imenyooka mno. Mimi nasema mtepe haukufa kwa ubovu wake majini. Uliuawa nchi kavu, na hesabu za nchi kavu, na anayetaka kuvilinganisha vyombo viwili vya safari za mbali hana budi kujua kwanza vilitumwa wapi, vikiwa na shehena gani, na nani alivitengeneza vilipoharibika.

Nivitambulishe kidogo, maana huku Nyanda za Juu wengi wetu tunavijua kwa picha. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, cha Wabajuni na watu wa Pate, Siu na Faza. Mbao zake zilikaa ukingo kwa ukingo, zikashikana kwa vijiti vya mti vilivyofichwa ndani ya unene wa ubao, kisha zikatobolewa na kushonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Msumari wa chuma haukuwamo. Tanga lilikuwa mkeka wa pembe nne, umesukwa kwa majani ya miti jamii ya mkindu, na mlingoti ulisimama wima. Mtepe mkubwa ulizidi urefu wa basi la kwenda Dar, na kazi uliyojulikana nayo zaidi ni kubeba boriti za mikoko kutoka visiwani kwenda Mombasa na Unguja, zile zilizoezekea nyumba za mawe.

Jahazi unalijua zaidi hata kama hujawahi kuligusa, kwa kuwa ndilo lililochorwa kwenye kalenda na kwenye milango ya hoteli. Lina mkuku, lina mataruma, mbao zake zimepigiliwa misumari, na nafasi kati ya ubao na ubao imejazwa pamba iliyolowa mafuta, kazi inayoitwa kalafati. Tanga lake ni la kitambaa, la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali ndefu, na mlingoti umeinamia mbele kidogo. Bado linajengwa Lamu na Nungwi.

Sasa twende kwenye kicheko. Mtu mashuhuri kuliko wote aliyekiandika kabla ya tingo wetu ni Marco Polo, Mtaliano wa Venice, karne ya 13. Alifika Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba, akatazama vyombo vilivyofungwa pale, akaandika kwamba ni vibovu sana na vingi hupotea, kwa kuwa havina chuma na vimeshonwa kwa uzi wa makumbi ya nazi. Baada ya hapo akashika njia ya nchi kavu kwenda Uchina. Maneno yake yamenakiliwa kwa zaidi ya karne saba, na kila anayeyanakili anasahau jambo dogo: huyu ni shahidi aliyesimama bandarini. Hakukivusha hata kimoja kwenda popote. Miaka mingi baadaye, aliporudi kwao kwa bahari, alipanda merikebu za Kichina zilizopigiliwa misumari, na kwa simulizi yake mwenyewe, kati ya abiria mia kadhaa walioondoka naye walifika wachache tu. Sisemi misumari ndiyo iliyowaua. Nasema tu kwamba hilo halinukuliwi.

Msafiri wa pili alikuwa mtu wa Tangier. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akaenda hadi Kilwa, na maishani mwake alikaa majini kuliko mabaharia wengi. Alipokuwa akieleza kamba za usumba za visiwa vya Maldives, alitoa sababu ambayo Polo hakuiona. Vyombo vya Bara Hindi na Yemen hushonwa kwa kamba hizo, alisema, kwa kuwa bahari ile imejaa miamba. Chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka, cha kamba hunyumbuka na hakivunjiki. Mmoja alitazama, mwingine alipanda, na kwa karne zote hizo tumemwamini aliyetazama.

Lakini sitaki kushindanisha mtu wa Tangier na mtu wa Venice. Siku ile shahidi wangu alikuwa karibu zaidi, chini ya lori, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

Fundi alitoka akiwa na grisi hadi kwenye viwiko, akaiomba simu, akaitazama picha kwa muda. Hakucheka. Akamwita tingo. "Njoo, kijana." Akamwonyesha chasisi ya lori, ile miti miwili ya chuma inayobeba kila kitu. "Hapa wameunga kwa nini?" Kwa ribiti na bolti, alijibu tingo. "Mbona hawakuchomelea? Si ingekuwa imara zaidi?" Kijana akanyamaza. Fundi akaeleza kwamba wapo wenye magari wanaomlazimisha achomelee chasisi kila mahali ili iwe ngumu, na gari hizo hurudi kwake baada ya kupanda na kushuka Kitonga mara chache, zimepasuka pembeni mwa pale pale palipochomelewa. "Chuma lazima kicheze. Ukikinyima kucheza, kinakatika." Kisha akagusa springi aliyokuwa anaibadilisha, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa yubolti. Hata hiyo ingeweza kutengenezwa kwa chuma kimoja kinene, alisema, na isingefika hata Mafinga.

Sijasoma popote maelezo ya mtepe yaliyo bora kuliko hayo. Chombo kirefu juu ya mawimbi hakikai sawa. Wimbi likipita chini ya tumbo, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, vinaning'inia. Likisogea, omo na tezi vinainuliwa na tumbo ndilo linaloning'inia. Mchezo huo unarudiwa maelfu ya mara kwa siku moja, na kila mara kila kiungo kinavutwa. Msumari hauna namna ya kupokea mvuto huo ila kwa kula ubao. Tundu linapanuka kidogo, maji ya chumvi yanaingia, chuma kinashika kutu, kutu inaozesha mti unaouzunguka, na siku moja fundi anaung'oa msumari kwa vidole. Kamba ya usumba haifanyi hivyo. Inavutika kidogo kisha inarudi, na maji ya chumvi yanayoua chuma hayaidhuru sana. Yenyewe imezaliwa humo: makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi mingi hadi yaoze nyama yake, kisha kina mama wanayafukua, wanayaponda kwa vigongo na kusokota nyuzi. Aliyewahi kukaa upande wa upepo siku ya kufukua hasahau ile harufu.

Tazama tena mahali vyombo hivyo vilipofikia. Pwani yetu ya zamani haikuwa na magati. Chombo kiliingia na maji yakijaa, kikapwelewa, kikakaa juu ya mchanga na shehena yake yote tumboni, wapagazi wakashusha kwa miguu mikavu, maji yakarudi yakakiinua. Ni sawa na kulishusha lori lililojaa kwenye mtaro mara mbili kila siku. Ubavu mgumu hauipendi kazi hiyo. Ubavu unaonyumbuka unaistahimili, na mshono ukikatika, dawa yake imeota ufukweni: mnazi.

Huku kwetu hatukosi mfano. Mama wa Kihehe anasuka kikapu cha milulu, kinapangwa juu ya basi, kinaanguka stendi, kinaokotwa, kinakung'utwa, kinauzwa. Ndoo ya plastiki iliyoanguka nacho inaachwa pale pale. Hakuna mtu Iringa anayesema kikapu ni ndoo iliyoshindwa.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mfano tu. Basi tuchukue vyombo vilivyokwenda. Mwaka 1980, Mwingereza Tim Severin aliongoza kazi ya kujenga merikebu ya kushonwa mjini Sur, Oman, ikaitwa Sohar. Haikuwa na msumari ubavuni, na mamia ya kilomita ya kamba ya usumba yalitumika. Iliondoka Muscat Novemba mwaka huo, ikapita Bara Hindi na Sri Lanka, ikafika Guangzhou, Uchina, Julai 1981. Njiani ilikwama wiki kadhaa kwa kukosa upepo na foromali kubwa ikavunjika, lakini mishono ilifika. Mwaka 2010 Oman ikatuma nyingine, Jewel of Muscat, hadi Singapore. Hiyo iliigwa kutoka kwa merikebu ya karne ya 9 iliyogunduliwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998, ikiwa na vyombo vya udongo vya Kichina vipatavyo 60,000. Ndiyo, ile ilizama. Lakini iliweza kuvuka nusu ya dunia kwenda kuchukua mzigo wa uzito huo, ikiwa imeshonwa kama gunia.

Jambo moja katika safari ya Sohar linanigusa kuliko umbali wake. Oman, nchi ya mabaharia, ilikuwa haina tena mafundi wa kutosha wa kushona chombo. Iliwabidi wawalete kutoka visiwa vya Lakshadweep, upande wa Bara Hindi. Merikebu ilipatikana tena kwa sababu mahali fulani palikuwa na mikono ambayo haijasahau. Nitalirudia hili.

Sasa nimpe mzee wa koti refu haki yake, kwa kuwa hoja isiyokubali chochote ni matusi tu yaliyopangwa vizuri. Mtepe ulivuja. Ulivuja sana, na kufua maji ilikuwa kazi ya zamu usiku na mchana. Ulidai kushonwa upya mara kwa mara, kazi ya watu wengi kwa siku nyingi, chombo kikiwa juu ufukweni bila kuingiza kitu. Tanga lake la mkeka lilikuwa zuri upepo ukiwa mgongoni na baya upepo ukiwa usoni. Jahazi kwa tanga lake la pembe tatu linaukaribia upepo vizuri zaidi, ingawa tusilipambe kupita kiasi: kuligeuza tanga hilo kwenda upande wa pili, foromali ndefu ikizungushwa mlingotini huku chombo kikiyumba, ni kazi ya kuita kila mtu aliyemo, pamoja na mpishi. Na ubavu wa kamba hauwezi kuvumilia mizinga. Kilwa na Mombasa zilipovamiwa na Mreno Francisco d'Almeida mwaka 1505, tofauti hiyo ilionekana.

Ila hata hapo mzee anachanganya mambo mawili. Mzinga si msumari, na Mombasa yenyewe ilitekwa kwa mapigano ya mitaani, mguu juu ya ardhi. Na kama ni habari ya ubora wa misumari tu, pwani yetu ina kisa chake. Aprili 1498, São Rafael, moja ya merikebu za Vasco da Gama, ilipanda fungu kwenye pwani ya Tanga. Haikupasuka, nakiri, na maji yalipojaa iliondoka. Lakini Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, Wareno waliichoma moto wenyewe mahali pale pale. Mbao zilikuwepo na misumari ilikuwepo. Watu wa kuiendesha ndio waliokwisha.

Na upepo wa usoni je? Swali hilo linaulizwa na mtu aliyezoea injini. Nahodha wa zamani hakuwa na sababu ya kushindana na upepo ilhali angeweza kusubiri ugeuke. Kaskazi ilimleta kutoka Lamu kwenda Unguja kuanzia mwishoni mwa mwaka, kusi ikamrudisha katikati ya mwaka. Kati ya hapo alifanya biashara, alioa, alishona chombo. Kuulaumu mtepe kwa kutopanda upepo ni kulilaumu lori la mbao kwa kutorudi nyuma kutoka Mafinga hadi Dar. Lilitengenezwa liende mbele, na linakwenda.

Basi ulikufaje? Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imebaki mitepe ya kuhesabika, kisha ikatoweka kabisa. Bahari haikuwa imebadilika, wala miamba, wala mchanga wa ufukweni. Kilichobadilika ni bei. Msumari wa kiwandani uliingia ukiwa rahisi, na kitambaa cha kiwandani kikaingia kuondoa mkeka. Upande wa pili mikono ikapanda bei: hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na kazi ya kusokota, kutoboa na kushona, iliyokula mikono mingi, ikaanza kudai ujira wa kweli. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu. Mwenye chombo alipiga hesabu ya siku ambazo mtepe unalala ufukweni ukishonwa na siku ambazo jahazi linalala likipigwa kalafati, akachagua. Alichagua sawasawa. Lakini alichagua kama mfanyabiashara, na sisi tumeandika uchaguzi wake kana kwamba ulikuwa hukumu ya bahari.

Ipogolo tunaielewa lugha hii vizuri. Kwa nini malori fulani yamejaa barabara hii ya Tunduma na mengine, yenye injini zilizosifiwa kuliko zote, yameota majani nyuma ya gereji? Muulize yeyote kwenye benchi. Atakwambia spea. Gari bora ni lile ambalo likikufia Makambako saa nane usiku, kuna mtu wa kulifungua na duka la kununua kinachohitajika. Hilo ndilo swali ambalo madereva wetu huliuliza kwanza kuhusu lori, na ambalo hakuna aliyeliuliza kuhusu mtepe.

Wenzetu wa matanga ya starehe waliwahi kujifunza hivyo kwa gharama. Mwaka 1968 yalianza mashindano ya kuizunguka dunia kwa matanga, mtu mmoja chomboni, bila kusimama. Waliondoka tisa. Palikuwa na vyombo vyepesi vya maganda matatu vilivyotarajiwa kuruka juu ya maji, na palikuwa na Suhaili ya Robin Knox-Johnston, boti nzito ya msaji iliyojengwa Bombay, urefu wake hauzidi mita kumi, yenye jina ambalo mabaharia wetu wanalisikia kama suheli, yaani kusini. Hakuna aliyeipa nafasi. Aprili 1969, baada ya siku 312, ndiyo iliyofika, peke yake kati ya tisa. Victress, ya maganda matatu, ilikuwa imekaribia kumaliza ilipovunjika katikati ya Atlantiki. Suhaili ilivuja tangu mwanzo wa safari, na mwenyewe alishuka majini akaikalafati kwa mikono yake. Chombo kinachovuja mahali unapopafikia ni afadhali kuliko kikavu kinachovunjika mahali usipopafikia. Fundi springi angesaini hapo bila kusoma mara mbili.

Nina neno pia kwa walio upande wangu, maana mtepe una wapenzi wanaouharibia. Kuna wanaosimulia kwamba wazee walikwepa chuma kwa kuhofia jabali la sumaku baharini litakalong'oa misumari yote. Hadithi hiyo ni ya kale sana, na Procopius, Mgiriki wa karne ya 6, aliisikia na kuikataa zamani zile. Wazee wetu hawakuhitaji jabali la sumaku. Walihitaji chombo cha kupakua ufukweni, na walikuwa na nazi. Kuna na wale wanaosema mtepe ulikuwa siri ya hekima isiyorudiwa. Umerudiwa: ule wa kwenye simu ya dereva, uitwao Shungwaya, ulijengwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili watu wauone. Usiri ni sifa mbaya ya kukipa kitu unachotaka kiishi.

Na jahazi lenyewe, mshindi wa hadithi, liko wapi leo? Linasukumwa pembeni na boti za faiba na injini za kupachika, na kwenye magenge ya pwani tayari nasikia wimbo ule ule: mbao ni mambo ya zamani, zinaoza, faiba ndiyo mpango. Faiba ni nzuri, sibishi. Ila ikipasuka Songosongo, gundi yake inatoka kiwandani ng'ambo, wakati ubao unapatikana kwa jirani. Anayeicheka kamba leo kwa kuisifu misumari, kesho atacheka misumari, na kila mara atakuwa amesahau kuuliza nani anatengeneza. Mafundi wa Lamu, angalau, waliliuliza kwa namna yao: mwaka 2018 walizindua Flipflopi, jahazi dogo la mita tisa lililojengwa kwa tani kumi hivi za plastiki iliyookotwa, mbao zake za plastiki zikichongwa na kuungwa kwa ufundi ule ule wa jahazi la mti. Januari 2019 likaanza safari ya kwenda Unguja, likafika. Ubao ulibadilika. Mikono haikubadilika.

Utaniuliza mtu wa Ipogolo ana kazi gani na bahari iliyo karibu kilomita 500 kwa barabara kutoka alipo. Simama darajani utazame maji ya Ruaha Mdogo. Yanateremka kuingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo, yanaingia Rufiji na bwawa la Julius Nyerere, kisha yanatokea kwenye delta, katikati ya mikoko ile ile iliyokatwa boriti kwa mamia ya miaka. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 kinataja soko la mwisho la pwani yetu, Rhapta, na kinasema limepewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vya kushonwa vya hapo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea kwa miaka mingi kwamba Rhapta ilikuwa upande huo wa Rufiji. Kama yuko sahihi, basi mji wa kwanza wa pwani ya Tanzania kuandikwa jina ulikuwa kwenye mdomo wa mto wetu, na jina lenyewe lilitokana na mshono.

Lori lilishuka kwenye jeki mchana. Fundi akakaza yubolti ya mwisho, akamrudishia dereva wa Tanga simu yake, na mzee wa koti refu akanitaka niseme wazi, bila kuzunguka, mimi ningepanda kipi. Nilimjibu, na jibu langu halijabadilika. Uwe mwaka 1850, mwezi wa Agosti, kusi inavuma, nipakie korja ishirini za boriti Rufiji nikazishushe Unguja kwenye ufuko usio na gati: napanda mtepe. Ukitaka niwe nimerudi Rufiji wiki hiyo hiyo, kusi ikinipiga usoni, nitafutie jahazi.